Utepe Ambao Voyager Hazikuuona

Septemba 24, 2025 roketi ya Falcon 9 iliondoka Florida ikiwa imebeba IMAP, chombo cha NASA chenye vifaa kumi vya kuchunguza mpaka wa himaya ya Jua. Kwa wengi hiyo ilikuwa roketi nyingine tu. Lakini IMAP ni mrithi wa setilaiti ndogo iitwayo IBEX, ambayo mpaka leo haijapewa heshima inayostahili.

Heshima yote imekwenda kwa vyombo viwili vya Voyager. Jua hupuliza upepo wa protoni na elektroni pande zote, na upepo huo hutenga eneo kubwa katikati ya gesi iliyo kati ya nyota, eneo liitwalo heliosfia. Voyager 1 ilivuka ukingo wake Agosti 2012, ikiwa mbali na Jua mara 120 na zaidi ya umbali wa Dunia yetu. Voyager 2 ilifuata Novemba 2018. Ni safari za kishujaa, hakuna anayebisha. Hata hivyo, nani ataijua nchi nzima kwa kupita barabara mbili?

Njia ya kuiona heliosfia yote kwa mara moja ni kuzikamata atomi zinazotoka huko mpakani. Protoni yenye kasi ikikutana na atomi tulivu ya haidrojeni, huinyang'anya elektroni yake. Tangu hapo protoni yenyewe inakuwa atomi isiyo na chaji, na uga wa sumaku hauwezi tena kuipinda. Inashika njia iliyonyooka, na chache mno kati ya atomi za aina hiyo huishia kutufikia. Ukijua imetoka upande gani na ikiwa na nishati kiasi gani, umeanza kuchora ramani.

Wazo lenyewe si jipya. Mwaka 1968 roketi ilirushwa kutoka Fort Churchill, Kanada, kuzitafuta atomi hizi karibu na Dunia. Miaka ya mwanzo ya 1980, Vitalii Leonas na Mike Gruntman wakiwa Moscow walieleza jinsi zinavyoweza kutumika kuichunguza heliosfia. Mwaka 1987 Mmarekani Edmond Roelof alitoa picha ya mazingira ya Dunia kwa kutumia vipimo vya kifaa ambacho hakikuundwa kwa kazi hiyo.

Kisha ikaja IBEX. Oktoba 19, 2008, ndege ilidondosha roketi ya Pegasus juu ya Bahari ya Pasifiki karibu na Kwajalein, na roketi ikawaka na kuipeleka setilaiti angani. IBEX ni ya mfululizo wa Explorer, ule ule ulioizaa Uhuru, setilaiti ya eksirei iliyorushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, Desemba 12, 1970. Historia hiyo ni yetu pia, na inastahili kusimuliwa zaidi ya inavyosimuliwa.

IBEX ina kamera mbili, ingawa hazipigi picha za mwanga. Katika moja, atomi hupenya utando wa kaboni mwembamba kupita kiasi, hupokonywa elektroni, kisha umeme huielekeza kwenye kihesabio. Katika nyingine, atomi za nishati ndogo hugonga uso wa kaboni na kuondoka na elektroni ya ziada. Setilaiti hujizungusha mara nne kwa dakika, na kila baada ya miezi sita anga lote linakuwa limepimwa.

Ramani ya kwanza ilitolewa Oktoba 2009, na iliwashangaza hata walioiunda setilaiti. Chini ya uongozi wa David McComas, wakati huo akiwa San Antonio, Texas, watafiti walitarajia mng'ao mpana upande wa mbele, ambako Jua linaelekea. Badala yake walikuta utepe mwembamba uliopinda katika sehemu kubwa ya anga, wenye atomi mara mbili hadi tatu ya maeneo ya jirani. Hakuna hesabu ya nadharia iliyokuwa imeutabiri. Kilichouma zaidi ni kwamba utepe ulipita katikati ya njia za Voyager mbili, na hakuna hata moja iliyougusa. Bila IBEX tusingejua kama upo.

Maelezo yakamiminika, zaidi ya kumi. Yaliyokubalika na wengi yanasema kwamba baadhi ya atomi za upepo wa Jua hutoka nje kabisa ya heliosfia, hupoteza elektroni, huzunguka kufuata sumaku ya anga ya nyota, kisha hupata elektroni nyingine na kurudi kwetu. Ikiwa ni hivyo, utepe unatuonyesha mwelekeo wa sumaku iliyo nje ya himaya yetu.

Ndipo ukazuka ugomvi wa umbo. Timu ya kifaa cha INCA, kilichokuwa kwenye chombo cha Cassini huko Zohali, ikiongozwa na Stamatios Krimigis, ilikuwa imeona mkanda mpana wa atomi za nishati kubwa zaidi. Mwaka 2017 timu hiyo ilidai kwamba heliosfia ni kama kiputo, haina mkia mrefu, kwa sababu mbele na nyuma hubadilika karibu wakati mmoja kufuata mzunguko wa Jua wa miaka 11. Upande wa IBEX, uliokuwa umeuchora mkia huo mwaka 2013, haukukaa kimya. Mwaka 2018 Nathan Schwadron na Maciej Bzowski walichapisha makala ambayo kichwa chake chenyewe kilitangaza kwamba heliosfia si duara. Merav Opher wa Boston naye alikuwa na hesabu zake, zenye mikia miwili iliyojikunja.

Kwangu, hoja za IBEX zina uzito zaidi. Upepo wa Jua uliongezeka nguvu mwishoni mwa 2014. Mng'ao ukaonekana kwanza upande wa mbele mwishoni mwa 2016, na nyuma ukachelewa. Mwaka 2021 kikundi cha Dan Reisenfeld kilitumia uchelewaji wa aina hiyo kupima umbali: mbele mpaka uko kwenye mara 110 hadi 120 ya umbali wa Dunia na Jua, na nyuma unafika angalau mara 350, ambako ndiko upeo wa kipimo chenyewe.

IMAP, ambayo pia inaongozwa na McComas, ina vifaa vitatu vya kukamata atomi hizi, na kimojawapo kinapima nishati kubwa zile zile ambazo INCA iliegemea katika hoja yake ya kiputo.