Istilahi za Kutia Saruji Visima vya Mafuta: Chimbuko na Fundisho Lake

Historia ya istilahi za kutia saruji katika visima vya mafuta yathibitisha kwamba maneno ya fani huzaliwa kazini kabla ya kuingia vitabuni. Kisima kikishachimbwa huvishwa bomba la chuma. Kisha uji wa saruji husukumwa ndani ya bomba hadi chini, ukatokea nje na kupanda kati ya bomba na mwamba. Ukiganda, huzuia maji, gesi na mafuta yasipande ovyo. Mwaka 1910, huko California, Almond Perkins alitumia vizibo viwili, kimoja kikiutangulia uji na kingine kikiufuata, ili usichanganyike na tope la kuchimbia. Erle Halliburton, aliyewahi kumfanyia kazi Perkins, alianza shughuli zake mwenyewe mwaka 1919, na mwaka 1921 akaweka makao Duncan, Oklahoma.

Wafanyakazi wa visima hivyo hawakuwa wanaisimu. Majina waliyachukua nyumbani kwao. Ncha ya chini ya bomba waliiita kiatu. Kifaa kilichokatikia shimoni, samaki, na kazi ya kukitoa, uvuvi. Mkusanyiko wa vali mdomoni mwa kisima, mti wa Krismasi. Sitiari hizo zilieleweka upesi kwa kuwa aliyezisikia alikuwa akikitazama kitu chenyewe.

Hata hivyo, sitiari yaweza pia kuficha. Tarehe 20 Aprili 2010, katika kisima cha Macondo, Ghuba ya Mexico, jaribio la kuhakikisha kwamba kisima kimezibika lilionyesha kanieneo ya pauni 1,400 kwa inchi ya mraba ndani ya bomba la kuchimbia, mahali ambapo haikutazamiwa kabisa. Ikasemekana kuwa hiyo ni "athari ya kibofu", na jaribio likakubaliwa. Usiku huo mtambo ulilipuka, watu 11 wakafa. Tume ya Rais wa Marekani, katika ripoti yake ya mwaka 2011, iliona kwamba jaribio lilikuwa limefasiriwa vibaya. Jina lilikuwapo; kilichotajwa hakikuwapo.

Fundisho hili lawahusu waundaji wa istilahi za Kiswahili. Gesi iligunduliwa Songo Songo, Tanzania, mwaka 1974, na mafuta yakapatikana Lokichar, Kenya, mwaka 2012, katika kisima kilichopewa jina la Ngamia. Lakini jina la kisima si lugha ya kisima. "Uji wa saruji", "kizibo" na "kuvua" ni maneno yafaayo, kwani yanaonyesha tendo. "Mti wa Krismasi" ukitafsiriwa neno kwa neno hauonyeshi lolote. "Shada la vali" lingetosha, na "vali" yenyewe ni neno la kutoholewa lisilo na ubaya.

Basi kipimo cha istilahi kisiwe ufasaha wake kamusini tu. Yafaa kuulizwa kama mfanyakazi wa zamu ya usiku, alisikiapo neno hilo, atatambua kinachotendeka chini ya ardhi asikoweza kupaona.