Mbwa Mwitu Hapigi Kura

Februari 2021, jimbo la Wisconsin huko kaskazini mwa Marekani lilifungua msimu wa kuwinda mbwa mwitu. Ulipangwa uende wiki nzima. Wawindaji wenye leseni ya jimbo waliruhusiwa kuua 119. Ulianza Jumatatu tarehe 22, na kufikia Jumatano mchana serikali ilikuwa inakimbia kuufunga. Hesabu ilipopigwa, 218 walikuwa wamekufa. Hata siku tatu kamili hazikuisha.

Najua kuna msee tayari anauliza, sasa hiyo inatuhusu aje? Tulia, tutafika. Kwanza tuelewane kuhusu jina. Kiswahili kimetupa "mbwa mwitu" kwa wanyama wawili tofauti: yule wa madoadoa wa Laikipia, na yule wa kijivu wa nchi za baridi, yule wa Biblia anayevaa ngozi ya kondoo. Leo naongea kuhusu wa kijivu. Na kama ulidhani hatuna ndugu yake hapa, mwaka wa 2015 wanasayansi walipima DNA ya mnyama tuliyezoea kumwita bweha wa dhahabu, wakapata kumbe huyu wa Afrika ana undugu wa karibu zaidi na mbwa mwitu wa kijivu kuliko na bweha wa dhahabu wa Asia na Ulaya. Tunaye wetu, mdogo tu, na hakuna anayemgombania.

Wa Wisconsin wanagombaniwa vibaya sana. Jimbo lina sheria ya 2012 inayosema hivi: siku yoyote mbwa mwitu akitolewa kwenye orodha ya taifa ya wanyama walio hatarini, lazima msimu wa kuwinda ufunguliwe. Si "unaweza". Lazima. Januari 2021, siku za mwisho za Trump ikulu awamu yake ya kwanza, ulinzi ukaondolewa. Serikali ya jimbo ikasema tungoje Novemba tujipange. Kikundi cha wawindaji kikakimbia mahakamani kikisema la, Biden anaweza kurudisha ulinzi, tunataka sasa. Jaji akakubaliana nao. Zaidi ya watu 27,000 wakaomba leseni.

Februari ndio wakati mbwa mwitu wanajamiiana. Pia kuna theluji, kwa hivyo nyayo zinaonekana wazi, na Wisconsin inaruhusu kuwakimbiza kwa mbwa wa kuwinda. Ongeza kwamba mwindaji alikuwa na saa 24 kuripoti alichoua, na serikali ilitakiwa kutoa notisi ya saa 24 kabla ya kufunga. Kwa hivyo namba zilikuwa zinafika zimechelewa huku risasi zinaendelea. Hakuna mtu aliyehitaji kuwa na roho mbaya ili 119 igeuke 218. Mpango wenyewe ulikuwa na tundu.

Kuna sehemu ya hii stori huwa hairipotiwi sana. Mgao kamili ulikuwa 200, na 81 kati yao walikuwa wa Waojibwe, wenyeji wa asili wa huko, kulingana na mikataba yao ya karne ya 19 na serikali ya Marekani. Waojibwe hawakutaka kuwaua. Kwao mbwa mwitu anaitwa ma'iingan, na simulizi yao ya uumbaji inasema alitembea dunia nzima na mtu wa kwanza kama ndugu yake, na kinachompata mmoja kitampata mwingine. Walikuwa wameacha fungu lao msituni likiwa hai. Wawindaji wengine wakalila. Septemba mwaka huohuo makabila sita yakaenda mahakamani.

Usifikirie maoni ya umma siku zote yalimpenda huyu mnyama. Koloni la Massachusetts lilianza kulipa watu wanaoua mbwa mwitu mwaka wa 1630, kabla hata Waingereza hao hawajazoea baridi ya pale. Miaka mia mbili na zaidi iliyofuata ilikuwa sumu, mitego na bunduki. Mizoga ilipakwa strikinini, na mbwa mwitu akila anakufa, tai akimla mbwa mwitu naye anakufa. Kuanzia 1915 serikali kuu yenyewe iliajiri wawindaji wa mshahara. Hata ndani ya Yellowstone, mbuga ya kwanza ya taifa, askari wa mbuga ndio waliomaliza kazi: wa mwisho waliuawa 1926. Na wakati huo hakukuwa na mjadala, manze. Mfugaji, mwindaji, mwalimu, mhariri wa gazeti, wote walikuwa upande mmoja. Hiyo ndiyo ilikuwa demokrasia ikifanya kazi.

Mmoja wa waliovuta risasi alikuwa kijana wa idara ya misitu anaitwa Aldo Leopold. Mwaka wa 1909, huko Arizona, yeye na wenzake walimpiga jike, na Leopold akafika akaangalia macho yake yakizima. Aliamini wakati huo kwamba mbwa mwitu wakipungua, kulungu wataongezeka, na mwindaji atakuwa peponi. Miaka mingi baadaye, baada ya kuona milima iliyoliwa na kulungu hadi ikabaki vijiti, aliandika kwamba walikosea. Kitabu kilitoka 1949, mwaka mmoja baada ya kufa. Alibaki mwindaji maisha yake yote, na hapo ndipo watu wa pande zote mbili hujifanya hawajasoma.

Sheria ya kulinda wanyama walio hatarini ikaja 1973. Wakati huo, ukiondoa Alaska, mbwa mwitu walikuwa wamebaki karibu wote Minnesota kaskazini. Halafu serikali ikataka kuwarudisha Yellowstone na Idaho, ikaomba wananchi waseme. Zaidi ya maoni 160,000 yalitumwa. Wengi wa walioandika hawakuwa na ng'ombe hata mmoja. Januari 1995 wa kwanza wakaletwa kutoka Kanada ndani ya masanduku ya chuma, na hadi mwisho wa 1996 walikuwa 31 Yellowstone na 35 Idaho.

Miezi mitatu tu ndani, Aprili 1995, dume aliyepewa nambari 10 alitoka nje ya mbuga akapigwa risasi karibu na mji wa Red Lodge, Montana. Mpenzi wake, nambari 9, alizaa watoto wanane karibu na hapo, peke yake. Wahifadhi wakaenda kuwabeba wote wakawarudisha. Aliyefyatua alisema alidhani ni mbwa wa kawaida. Alipatikana na hatia. Lakini Julai 4, sikukuu yao ya uhuru, alipita kwenye gwaride la mji akiwa juu ya farasi, na kuna watu walimshangilia. Ukitaka kujua kama sheria imeshinda maoni ya watu, usiangalie hukumu, angalia gwaride.

Sasa tufike kwa watu wa kazi yangu. Mwaka wa 2014 vidio fupi ilisambaa, na imeangaliwa mamilioni kwa mamilioni ya mara. Inasema mbwa mwitu walirudi Yellowstone, elki (kulungu mkubwa wa huko) wakaogopa kulala mabondeni, miti ikaota, biva wakarudi, na mwishowe hata mito ikabadilisha njia. Sauti nzuri, muziki mzuri, dakika nne na kitu. Umeiona, usinidanganye. Shida ni kwamba sayansi haiko hivyo. Mimi chuo niliacha, lakini kusoma utafiti hakuhitaji gauni: jaribio lililofanywa huko kwa zaidi ya miaka 20, kwa kuzungushia mierebi ua na kulinganisha na iliyo nje, matokeo yake yalitoka 2024 yakaonyesha kwamba kurudi kwa wawindaji hawa wa porini kumeponya mabonde kidogo tu. Biva walipokosekana, vijito vilichimbika chini, maji yakashuka, na mierebi haiwezi kufika tena. Ukivunja kitu kwa miaka 70, kukirudisha si kama kubonyeza swichi.

Na hiyo vidio iliwaumiza hasa watu iliowatetea. Mwindaji wa Montana aliiona kama tangazo la mtu wa mjini anayemwambia kwamba maisha yake ni kasoro iliyorekebishwa. Yeye ana namba zake. Kundi la elki la kaskazini mwa Yellowstone lilikuwa kama 19,000 katikati ya miaka ya tisini, likashuka hadi kama 4,000 mwaka wa 2013. Kwake hiyo ni nyama ya msimu wa baridi, na ni kazi ya kuongoza wageni iliyokufa. Anasahau kutaja dubu, ukame, na bunduki zenyewe, ambazo zote zilichangia. Anasahau pia kwamba Montana nzima elki wameongezeka tangu 1995. Lakini hajatunga.

Ana hoja nyingine ngumu kuitupa. Tangu 1937 kuna ushuru wa taifa kwenye bunduki na risasi ambao pesa yake inaenda moja kwa moja kwa wanyamapori wa kila jimbo. Ada za leseni nazo zinaenda huko. Kwa hivyo akisikia mtu aliyelipia tu intaneti anamwambia anyamaze, anauliza: wewe umechangia ngapi? Na Wisconsin wana swali lao. Mpango wa jimbo wa 1999 uliweka lengo la mbwa mwitu 350. Wamefika kama 1,000, na mpango mpya wa 2023 ukafuta namba kabisa. Ukiwa mwindaji utahisi mechi ilibadilishiwa sheria ikiwa dakika ya 80. Mimi naona wana haki ya kulalamika kuhusu hilo. Naona pia kwamba zile siku tatu za 2021 ziliichoma hoja yao kuliko mwanaharakati yeyote angeweza. Februari 2022 jaji huko California akarudisha ulinzi sehemu kubwa ya nchi, ukiacha majimbo ya Milima ya Rocky kaskazini.

Lakini kesi inayonikaa kichwani ni Colorado, kwa sababu huko hawakuachia jaji wala mtaalamu. Novemba 2020 waliuliza kila mtu kwenye debe: turudishe mbwa mwitu au tusirudishe? Ndiyo ikapata asilimia 50.9. Kati ya kura zaidi ya milioni tatu, tofauti ilikuwa kama 57,000. Denver na Boulder walisema ndiyo. Magharibi ya milima, ambako sheria yenyewe iliagiza mbwa mwitu wapelekwe, kaunti nyingi zilisema hapana, isipokuwa chache, nyingine zikiwa zile za matajiri wa kuteleza kwa theluji kama Aspen.

Desemba 2023 wakaachiliwa 10 kutoka Oregon. Aprili 2024 ndama wa kwanza akauawa. Sheria inalipa hadi dola 15,000 kwa mnyama mmoja, na hapo wafugaji wakafungua daftari: si waliokufa tu, pia ng'ombe waliokonda kwa hofu, na majike walioshindwa kushika mimba. Kwa mwaka ule wa kwanza, wafugaji wawili peke yao waliidhinishiwa zaidi ya dola 340,000. Watu wa Denver wengine wakasema hao ni wezi. Wafugaji wakasema, nyinyi ndio mliagiza, lipeni bili.

Hapo ndipo inatuhusu. Mei 2023, karibu na Amboseli, simba mzee anaitwa Loonkiito, umri wa miaka 19, aliingia boma usiku akitafuta chakula akapigwa mkuki. Ndani ya siku chache, simba kumi walikuwa wameuawa Kajiado, sita kati yao siku moja baada ya kuua mbuzi 11 na mbwa. Mtandaoni Nairobi ilichachamaa: wakamatwe, wafungwe, aibu. Wengi wetu tumeona simba kwa skrini ya simu. Kenya ilipiga marufuku uwindaji 1977, na hakuna Mmasai aliyeitwa kwenye debe kusema ndiyo au hapana. Sheria yetu ya 2013 inasema familia ya mtu aliyeuawa na mnyama ilipwe milioni 5. Muulize mtu wa Taita Taveta kesi yake imekaa miaka mingapi.

Sisemi marufuku iondolewe. Simba wangekuwa wameisha. Nasema Colorado angalau bili inaandikwa jina la aliyeagiza, na bado watu wanavutana mashati. Hapa kwetu aliyeagiza yuko kwenye matatu anaandika komenti, na bili inalala kwa mtu ambaye mbuzi wake 11 walikuwa karo ya shule.

Huko Marekani bado hawajamaliza. Aprili 2024 Bunge la Wawakilishi lilipiga kura 209 kwa 205 kuondoa tena ulinzi wa mbwa mwitu nchi nzima. Seneti haikuupitisha mswada ule. Ile sheria ya Wisconsin ya 2012 haijafutwa. Iko tu hapo, na neno lake ni "lazima".