Mti, Dawa na Jina: Tiba za Miti Katika Mtaa wa Shauri Moyo

Kijiji cha Pangani kilipobomolewa na watawala wa Nairobi mwishoni mwa miaka ya 1930, wengi wa wenyeji wake walihamia Shauri Moyo, mtaa uliojengwa kwa ajili yao karibu na Pumwani. Jina la mtaa huo ladai makala yake lenyewe. Linalohusika hapa ni kwamba miongoni mwa wahamiaji hao walikuwamo Waislamu wa asili mbalimbali ambao Kiswahili kilikwisha kuwa lugha yao ya nyumbani, na kwamba mitaa ya jirani ilijaa watu wa bara waliokuja na miti yao ya kutibia, kila mmoja kwa lugha yake.

Katika Kijaluo neno yath ni mti na ni dawa pia. Ndivyo ilivyo kwa umuthi wa Kizulu, neno lenye shina moja na mti wa Kiswahili. Kiswahili, kwa upande wake, kilipokea dawa kutoka Kiarabu, kikauachia mti kazi ya kuota. Uhusiano wa kale haukufutika, kwani umebaki katika mitishamba. Hata hivyo, dawa ilikuwa na faida ya pekee mjini: ilitumika hospitalini na uchochoroni bila kubadilika. Chini ya Sheria ya Uchawi ya 1925, iliyowaadhibu waliojidai kuwa na nguvu za uchawi, huenda muuza mizizi aliona ni salama zaidi kujulikana kwa dawa zake kuliko kwa uganga wake.

Mfano ulio bora ni mwarobaini. Mti ni wa Bara Hindi, hesabu ni ya Kiarabu, kiambishi ni cha Kibantu, na imani iliyomo ni kwamba unatibu maradhi arobaini. Pwani ya Kenya huitwa pia mkilifi, jina lisiloahidi tiba yoyote. Haishangazi kwamba sokoni limeshindwa.

Lakini mwarobaini hupenda joto la nyanda za chini, na baridi ya Nairobi haiufai. Unaostawi Nairobi ni ndugu yake, melia, uliopandwa kwa kivuli na maua, nao matunda yake ni sumu. Majani ya mwarobaini hupangika pande mbili za kikonyo kimoja. Ya melia hugawanyika mara ya pili. Tofauti hiyo hupotea jani likisagwa.

J. O. Kokwaro, katika kitabu chake cha 1976 juu ya mimea ya tiba ya Afrika Mashariki, aliyaweka majina ya kienyeji pamoja na ya kisayansi. Watunga kamusi hawana budi kumfuata. Fasili isemayo tu kwamba mwarobaini ni mti mchungu wa dawa haimsaidii mnunuzi wa Gikomba, aliyeshika unga wa kijani mkononi na hana cha kuuthibitishia ila jina aliloambiwa.