Umri wa Gari na Ushahidi wa Fremu

Huko Lembeni, chini ya milima ya Upare ya Kaskazini, ipitapo reli iliyotoka Tanga ikafika Moshi mwaka 1911, mwenye gari la zamani akiulizwa mwaka wake hutoa kadi. Kadi ni shahidi mwema, lakini hujua siku gari lilipoandikishwa tu. Kati ya kuundwa na kuandikishwa huwa kuna safari ya meli, kungoja bandarini, na pengine miaka mingi katika nchi nyingine.

Itazamwe kwa mfano Land Rover, iliyoonyeshwa kwanza Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948, nayo kwa njia za mawe zipandazo Usangi na Ugweno ilikuwa kama imekusudiwa. Nafasi baina ya ekseli zake ilikuwa inchi 80 hadi 1953, kisha ikawa 86. Taa za mbele, ambazo mwanzo zilifichwa nyuma ya wavu wa rejeta, zilihamia madigadini mwishoni mwa miaka ya 1960. Na mwaka 1971 ukaja wavu wa plastiki. Alama hizi hupendwa na wengi kwa kuwa huonekana kwa mbali. Hata hivyo, mwili wa gari hili ni mabamba ya aluminiamu yaliyofungwa kwa bolti, na fundi aweza kulivika gari la mwaka mmoja madigadi ya mwaka mwingine. Mabamba hayo hayali kutu. Fremu ya chuma ndiyo iliwayo, ingawa ukavu wa tambarare ya Lembeni huipunguzia adhabu.

Kwa hiyo mchunguzi hana budi kuinama aisome namba ya fremu. Katika magari ya mwanzo wa miaka ya 1950 tarakimu ya kwanza ndiyo mwaka: 1 kwa 1951, 2 kwa 1952, 3 kwa 1953. Katika toleo la pili, lililotoka mwaka 1958, tarakimu hiyo ilikuwa ya nne. Baadaye kiwanda kikaweka herufi mwishoni mwa namba, nazo hueleza mageuzi ya ufundi, si mwaka. Hapo ndipo wengi hupotea. Tena mwaka wa kiwanda ulianza kabla ya Januari, hata gari la 1953 laweza kuwa lilikamilika mwishoni mwa 1952.

Jambo hili si la wapenda magari peke yao. Familia ikisimulia kwamba gari lao lilipanda Usangi siku ya Uhuru, tarehe 9 Desemba 1961, na fremu ikaonyesha toleo la 1971, mwenye haraka atasema wazee wamekosea. Lakini fremu nayo hubadilishwa ikiisha kuliwa. Itampasa asome namba ya injini, atafute kibao cha kiwanda ndani ya gari, kisha arudi kwa wazee kuwauliza ni nani aliyelitengeneza, na lini.