Kukwaruza kwa Gia
Kukwaruza kwa gia ni ukelele wa chuma utokao katika giaboksi ya mkono, pale meno yanapogongana kabla kasi za mizunguko hazijalinganishwa na pete za sinkronaiza, zilizoletwa na Cadillac mwaka 1928. Fundi hodari wa Mikese, kando ya barabara kuu ya Dar es Salaam na Morogoro, hukanyaga klachi hadi mwisho, akasubiri kitambo, kisha akatia rivasi: ikilia, dhahiri klachi haiachii, naye hukagua mafuta yake na hewa iliyoingia, lakini ikilia gia moja tu safarini, aghalabu ya pili, pete yake imelika. Kuilazimisha gia ni kuihilikisha.