Krotoni za bibi kule Michenga

Wadau, nilikuwa kimya kidogo. Nilikwenda Michenga, Ifakara, kumsalimu bibi mzaa baba, na nimerudi na habari ya historia niliyoikuta uani kwake.

Krotoni mnaijua: kile kichaka cha majani ya njano, mekundu na kijani, utadhani mtoto kayachezea kwa rangi. Wengi wetu tunasema ni ua tu. Bibi anasema ni mpaka.

Asili yake si kwetu. Imetoka visiwa vya Indonesia na Pasifiki. Rumphius, Mjerumani aliyeitumikia kampuni ya Waholanzi kisiwani Ambon, aliiandika katika kitabu chake cha mimea, kilichoanza kuchapwa mwaka 1741. Mwenyewe alikuwa amefariki tangu 1702. Karne ya 19 ikafika Uingereza, wenye pesa wakaanza kuifuga ndani ya nyumba za vioo.

Kilichonivutia zaidi ni jinsi inavyosafiri. Ukipanda mbegu, mara nyingi mtoto hafanani na mama. Ukitaka majani yale yale, unakata tawi la urefu wa shibiri, unalichomeka kwenye udongo wenye unyevu, kivulini, mpaka lishike mizizi. Baadaye lipate jua, maana jua ndilo linaloleta rangi. Angalia utomvu tu, unawasha na kuchafua nguo. Kwa hiyo krotoni ya tawi si mtoto wa ile ya zamani. Ni ile ile, imehama.

Na kuhama watu wa bonde la Kilombero wanakujua. Miaka ya 1940 serikali ya kikoloni iliwakusanya watu katika makazi ya pamoja kwa sababu ya malale. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere akatangaza kuwa kuishi vijijini ni amri, na mwisho ni 1976. Babu naye akaambiwa ahame shambani kwake. Bibi anasema alifunga kwenye baiskeli jembe, mkeka na matawi manne ya krotoni.

"Sufuria aliisahau," bibi anacheka, "matawi hakuyasahau."

Aliyapanda kwenye pembe nne za kiwanja kipya. Mengine yakafuata katikati, yakawa mstari. Babu alipofariki, tawi moja likaenda kaburini kwake. Nimesoma kwamba hata kisiwani Java krotoni hupandwa makaburini.

Sasa sikilizeni. Miaka kadhaa baada ya msiba, mtu mmoja alidai mpaka uko ndani zaidi, karibu na jiko la bibi. Asubuhi moja krotoni za upande ule zikakutwa zimefyekwa zote. Bibi hakupiga kelele. Alingoja masika. Mvua zilipokolea, visiki vikachipua, kimoja kimoja, kwenye mstari ule ule. Wazee wakaitwa, wakasimama, wakatazama. Maneno yakaisha.

Raha ya kusimulia, ndiyo. Lakini wazee wale karibu wote wameshatutoka. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inatambua haki za kimila, na kati ya 2016 na 2019 kulikuwa na mpango wa kupima ardhi na kutoa hati katika wilaya za Kilombero, Ulanga na Malinyi. Mpimaji akija anauliza mpaka uko wapi, na anayejibu ni mwenye ardhi pamoja na majirani. Krotoni inaonyesha mstari, lakini haisemi ni nani aliyeipanda wala kwa nini.

Nikamuuliza bibi: hati unayo? Hana.

Basi siku ya mwisho tulizunguka kiwanja, yeye na fimbo yake, mimi na daftari. Kila pembe nikaandika: nani alipanda, mwaka gani, jirani ni nani. Majirani wawili wakasaini. Safari ya makaratasi ndiyo kwanza imeanza.

Mdau, kama una bibi au babu aliye hai, muulize habari za vichaka vya uani kabla hujavifyeka. Nimekuja na tawi moja Dar. Lipo kwenye kopo dirishani, bado halijashika.