Jiwe, Mchanga na Udongo wa Ushongo

Utamaduni utajwapo, wengi wetu hukumbuka ngoma, mavazi na mashairi. Wachache hukumbuka jiwe. Hata hivyo, nyumba tulizozijenga na mazao tuliyoyapanda yalitokana kwanza na ardhi tuliyoikuta. Kwa hiyo yafaa mwanafunzi wa pwani aanze somo la miamba, madini na udongo pale akanyagapo, kabla hajakariri majina ya miamba ya nchi za mbali. Na tuchukue mfano wa Ushongo, kijiji kilicho kusini ya mlango wa mto Pangani, mkoani Tanga.

Jiwe la kwanza kuonekana huko ni la matumbawe. Halikuzaliwa na moto wa ardhini kama miamba ya Kilimanjaro, bali lilijengwa na viumbe. Tumbawe ni kundi la wanyama wadogo wa baharini wajijengeao vikombe vya chokaa. Wafapo, vikombe hubaki, na wengine hujenga juu yake. Yapata miaka 125,000 iliyopita bahari ilikuwa juu kuliko ilivyo leo, nayo ilipopwa iliacha sehemu ya miamba hiyo nchi kavu. Atakaye ushahidi na adondoshe siki juu ya kipande chake: kitatoa povu.

Wazee wetu walilijua jiwe hili kwa mikono yao. Huko Tongoni, kati ya Pangani na Tanga, magofu ya msikiti na makaburi yenye nguzo yangali yakishuhudia. Mafundi wa pwani walijenga kuta kwa mawe ya nchi kavu, na nakshi wakazichonga katika matumbawe yaliyotolewa baharini, ambayo huchongeka vizuri yangali mabichi. Chokaa waliipata kwa kuchoma matumbawe juu ya rundo la magogo. Boriti za mikoko zikabeba dari. Hata saruji ya kiwanda cha Pongwe, kilichoanza kazi mwaka 1980, ni mtoto wa jiwe la chokaa.

Mchanga nao una wazazi wawili. Mweupe hutokana na matumbawe na makombe yaliyosagwa na mawimbi. Mwingine huletwa na mito. Pangani huanzia Kilimanjaro na Meru, ukapita chini ya milima ya Usambara, ambayo miamba yake iligeuzwa kwa joto na mgandamizo zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita. Mvua huivunja miamba hiyo, na punje ngumu za kwatzi husafiri hadi baharini. Palipo na michirizi myeusi ufukweni, mwanafunzi apitishe sumaku: punje zitakazoganda zina chuma. Miamba ya ukoo huo ndiyo iliyolipa bonde la mto Umba, karibu na mpaka wa Kenya, sifa ya yakuti zake.

Udongo ni jiwe lililochoka, likachanganyika na majani yaliyooza. Kichanga cha Ushongo hakishiki maji kwa muda mrefu, lakini mnazi hukistahimili. Udongo wa mfinyanzi wa kingo za mto hushika maji na hufinyangika. Mwaka 1893 Richard Hindorf, Mjerumani, alileta miche ya mkonge kutoka Florida. 62 tu ilifika hai, ikapandwa Kikogwe, jirani na mji wa Pangani. Mmea huo hustahimili ukame na hupenda udongo wenye chokaa. Kutoka miche hiyo, na kwa jasho la manamba, Tanganyika ilikuja kuongoza dunia kwa mkonge.

Lakini ardhi hii haidumu bila kutunzwa. Mkabala wa Ushongo kipo kisiwa cha Maziwe. Zamani kilikuwa na mivinje, na kasa walitaga humo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 miti ilikuwa imekwisha, na leo bahari ijaapo kisiwa chote huzama, ingawa ni hifadhi ya bahari. Mayai ya kasa watagao huko hapana budi kuhamishiwa ufuko wa Ushongo, yasije yakafunikwa na maji. Mchanga usioshikwa na mizizi ni mali ya mawimbi. Vilevile, ang'oaye tumbawe hai ili alichome chokaa, na avuaye kwa baruti, wote wawili wanabomoa ukuta uuzuiao mji wao na bahari.

Tungependa basi kila shule ya pwani iwe na kabati la mawe: tumbawe, kwatzi, chokaa, mfinyanzi na michanga yote miwili, kila kimoja na jina lake na mahali kilipookotwa. Tumbawe la kabati hilo liokotwe ufukoni, lisivunjwe mwambani. Na pembeni yake liwekwe kopo la mchanga wa Maziwe, ili vijana wajue kwamba hata kisiwa huweza kuwa historia.